Altezza ya baba ilipozima, nyumba nzima ilinyamaza

Saa 4:15 usiku Altezza nyeupe ilizima kwenye mataa ya Mwenge, jijini Dar es Salaam. Haikutoa moshi wala kishindo. Kijana aliyeshika usukani alisubiri taa ya kijani, akaachia klachi, gari likasogea hatua mbili tatu, ukasikika mlio mfupi kama wa mtu anayesafisha koo, kisha kimya.

Akapiga stata. Ilizunguka, tena kwa wepesi ambao hakuwahi kuusikia. Siku zote injini ile ilipowashwa ilikuwa na mapigo, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji kichwani. Usiku ule hapakuwa na mapigo. Ilizunguka laini, mfululizo, kama feni. Akapiga tena na tena, mara 7, honi za nyuma zikimzomea, hadi vijana wa bodaboda wakaja kumsaidia kulisukuma pembeni.

Alikuwa na miaka 19. Alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha sita wiki chache kabla, na mfukoni alikuwa na leseni ya kujifunzia, ambayo haimruhusu kuendesha peke yake. Baba yake alikuwa Korogwe, msibani. Ufunguo aliuchukua kwenye bakuli juu ya friji, akaenda kuwaona wenzake, na alikuwa njiani kurudi. Mama yake aliamshwa na mlio wa gari la kuvuta likigeuka getini.

Baba alirudi Jumapili. Hakuuliza kilichotokea, maana jibu alikuwa nalo tayari.

"Ameipiga resi," alisema, begi likiwa bado begani.

"Baba, nilikuwa nimesimama kwenye mataa."

"Kuna aliyekuuliza?"

Tangu siku hiyo maneno yote yakawa yanapitia kwa mama. Mwambie mwanao afunge geti. Mwambie mwanao ajiandae, mwezi huu ukiisha anakwenda kwa babu yake Singida, akae huko hadi matokeo yatoke. Kila mzazi anaijua lugha hii: mtoto akifaulu ni "mwanangu", akiharibu ni "mwanao". Ilidumu wiki 3.

Gari lenyewe lilikuwa na historia yake katika nyumba ile. Toyota walianza kuuza Altezza nchini Japani mwaka 1998, likachaguliwa gari la mwaka huko, na nje likauzwa kwa jina la Lexus IS. Lina milango 4 kama gari la familia, lakini lilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayependa kuendesha: injini mbele, nguvu kwenye matairi ya nyuma, na dashibodi iliyochorwa kama saa ya mkononi. Baba, ambaye ni mtunza bohari ya dawa, alikuwa akiligeukia barabarani tangu ujana wake. Mwaka 2021 alikopa kwenye saccos, akanunua moja la mwaka 1999 kutoka kwa mmiliki wa tatu. Jumamosi alikuwa akiliosha mwenyewe, na mtoto alikabidhiwa ndoo tu.

Fundi wa kwanza alikuwa wa jirani. Alibadilisha plagi. Likagoma. Akasema ni pampu ya mafuta, ikanunuliwa pampu ya mafuta. Likagoma. Akaazima betri kubwa kuliko ile ya gari, na kwa siku 2 stata ilizungushwa asubuhi na jioni, majirani wakisikiliza. Ndivyo homa nyingi zinavyotibiwa majumbani: kwanza dawa ya maumivu, kisha ya malaria, kisha antibayotiki iliyobaki kabatini, na kipimo kinakuja mwisho fedha zikiwa zimekwisha.

Mfanyakazi mwenzake ndiye aliyemwelekeza Gerezani, pale Kariakoo, kwa mzee mmoja ambaye amefungua injini za Toyota kwa zaidi ya miaka 30. Mzee alisikiliza simu hadi mwisho, kisha akauliza swali moja ambalo baba hakulitegemea.

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Kijana wangu. Lakini yeye..."

"Basi mlete yeye."

Ikabidi wakae kiti kimoja kwenye gari la kuvuta, mabega yakigusana, kutoka nyumbani hadi Gerezani, bila neno. Kijana alipomwamkia fundi, "Shikamoo mzee," sauti ilimtoka kwa shida, kama ya mtu aliyeamka usingizini.

Fundi hakugusa spana. Alivuta stuli akamkalisha kijana, akaanza kumhoji, vile daktari mzuri anavyomhoji aliyemleta mgonjwa. Lilikuwa linatembea au limesimama? Mlio gani, wa kugonga au wa kukwaruza? Taa gani iliwaka kwenye dashibodi? Lilizima ghafla au lilikuwa likipoteza nguvu tangu mbali? Stata ulipiga mara ngapi?

"Mara 7."

"Na huko nyumbani?"

Hapo kijana alimtazama baba yake. Baba akasema, "Nyingi."

"Basi tusipige tena hata moja," alisema fundi.

Sababu ni hii. Ndani ya injini kuna kazi mbili ambazo lazima ziende pamoja. Chini, krenkishafti inapandisha na kushusha pistoni. Juu, kamshafti zinafungua na kufunga valvu, vile vijilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi. Kinachoziunganisha ni mkanda mmoja wa mpira wenye meno, ambao mafundi huuita mkanda wa taimingi. Krenki ikizunguka mara 2, kam inazunguka mara 1, bila kukosea hata jino. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 25 ndani ya sekunde moja.

Kuna injini ambazo mkanda ukikatika gari linazima tu, unafungwa mwingine na safari inaendelea. Injini hii, 1G-FE ya silinda 6 na valvu 24, si ya aina hiyo. Pistoni na valvu zinatumia nafasi ileile kwa zamu, na zamu ikivurugika zinagongana. Pistoni ni nene, valvu ni fimbo nyembamba yenye kichwa kama uyoga. Anayepinda anajulikana. Na kila stata inapozungushwa, pistoni zinarudi kuzigonga valvu zilezile zilizobaki wazi.

Kijana wake alipofungua kava la mbele, baba alisogea akachungulia, uso ukamng'aa. "Si huu hapa! Upo mzima."

Ni kweli, mkanda ulikuwapo, haujakatika. Fundi akaweka spana ndefu kwenye boliti ya krenki, akaivuta taratibu. Puli ya chini ikazunguka. Mkanda haukusogea. Kam za juu hazikusogea. Meno ya mkanda pale chini yalikuwa yamenyofoka, sehemu ndogo tu isiyozidi upana wa kiganja, na puli ilikuwa ikizunguka peke yake. Fundi aliokota vipande vya mpira vilivyodondoka, akavifinya, akanusa vidole.

"Huu umelowa oili muda mrefu. Sili ya krenki inavuja. Nyumbani hamjawahi kuona oili chini ya gari?"

Baba alinyamaza. Nyumbani palikuwa na boksi. Mama aliliweka chini ya gari mwaka mmoja uliopita kulinda vigae vya kibarazani, na alikuwa akilibadilisha kila lilipokuwa jeusi. Wote walikuwa wakiliruka kila siku wanapoingia ndani.

"Mkanda ulibadilishwa lini?" fundi akauliza.

Hili baba alikuwa na uhakika nalo. Alinyanyua boneti vizuri, akaonyesha lebo ndogo ya karatasi iliyobandikwa humo ndani, yenye maandishi ya Kijapani, tarehe na kilomita. Gereji nyingi za Japani hubandika lebo kama hiyo kila zinapobadilisha mkanda. Palisomeka 20, kisha 6, kisha 14. Chini yake, 98,620.

"Tarehe 14 Juni 2020," alisema baba. "Mwaka mmoja kabla sijalinunua. Hata fundi wangu wa mwanzo nilimwonyesha, aliponiambia habari za mkanda."

Mtu huyu kazini haruhusu boksi la dawa liingie bohari bila kusoma tarehe mbili zake, ya kutengenezwa na ya kuisha. Lebo ile alikuwa ameisoma mara nyingi. Aliisoma kwa kalenda yake.

Fundi hakucheka. "Mzee, hiyo 20 si ya 2020. Wajapani wana hesabu ya mfalme wao. Alipoingia yule wa 1989, wakaanza 1. Ishirini ni 2008. Angalia na kilomita, wakati huo lilikuwa na 98,620. Leo dashibodi inasema ngapi?"

Dashibodi ilisema 214,287. Mkanda ule ulikuwa umekwenda zaidi ya kilomita 115,000 na miaka 16, wakati kwa Toyota za zama hizo hesabu ya Wajapani ilikuwa kilomita 100,000. Kama ungebadilishwa kweli mwaka 2020, lebo ingeandikwa 2, kwa sababu mwaka 2019 mfalme mwingine aliingia na hesabu ikaanza upya.

"Najua," kijana alisema.

Baba aligeuka. Lilikuwa neno la kwanza kusemwa baina yao tangu ile Jumapili.

"Unajua nini?"

"Kwamba ni 2008. Niliipiga picha Januari wakati tunaosha, simu ikanitafsiria."

"Tangu Januari?"

"Nilitaka kukwambia, baba. Siku ile nilisema 'kwenye boneti kuna', ukaniuliza nani kanituma kufungua boneti."

Fundi alijishughulisha na kisanduku chake cha spana kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ulijua," baba alisema mwishowe, "na bado ukaliwasha usiku ule."

"Ndiyo, baba."

Makosa yalikuwa mawili, na kwa wiki 3 yalikuwa yamefungwa kwenye furushi moja. Kuchukua gari bila ruhusa, usiku, bila leseni kamili, ni kosa la kijana, na hakuna lebo inayolifuta. Lakini injini haikufa kwa sababu ya resi. Fundi alilisema hilo bila kupaza sauti: mkanda ule ungeachia Mwenge, au ungeachia wiki ileile kwenye barabara ya Chalinze na familia nzima ndani, injini ikizima katika mwendo mkali, usukani ukiwa mzito na breki zikianza kugoma. Hapo hata pistoni zisingepona.

Kilichofuata kilichukua alasiri yote, na ndicho kilichowarudisha kuzungumza. Mafundi wengi wangefungua silinda hedi palepale, au wangeshauri inunuliwe injini ya mtumba. Mzee alitaka kwanza kujua ukubwa wa madhara. Alizungusha krenki kwa mkono hadi pistoni zote zikawa mbali na valvu, akapanga kam kwenye alama zake, akarudisha krenki kwenye alama yake, akafunga mkanda wa muda. Kisha akafungua plagi zote, akaingiza hewa ya kompresa kwenye silinda moja moja, kila moja ikiwa mahali ambapo valvu zake zote zinapaswa kuwa zimefunga.

Hewa haidanganyi. Ikisikika kwenye njia ya kuvutia hewa, valvu ya kuingiza imepinda. Ikitokea kwenye bomba la moshi, ni valvu ya kutolea. Ikitoka kwenye mfuniko wa oili, ringi za pistoni zimechoka. Maji ya rejeta yakitoa mapovu, ni gasketi au ufa. Tatizo ni kwamba masikio yanatakiwa sehemu nne kwa wakati mmoja. Fundi mwenyewe alishikilia krenki kwa spana isizunguke. Kijana wake alikaa kwenye mfuniko wa oili, jicho kwenye rejeta. Baba akaambiwa ainame mbele, sikio kwenye njia ya hewa. Mwanawe akapelekwa nyuma, akapiga magoti kwenye vumbi karibu na bomba la moshi.

"Silinda ya kwanza," alisema fundi.

"Mbele nasikia," alisema baba. "Inapumua. Nyuma?"

"Nyuma kimya."

"Una uhakika?"

"Kimya, baba."

Ya pili, kimya kote. Ya tatu, nyuma. Ya nne, mbele. Ya tano, baba alisema haisikii, kijana naye akasema haisikii. Gereji ya jirani ikazima mashine ya kuchomelea kwa muda, wakarudia. Kimya. Ya sita ilipumua mbele na nyuma. Kwenye mfuniko wa oili hapakusikika kitu cha kutisha, na rejeta haikutoa hata povu moja.

"Chini pazima," fundi alisema. "Mgonjwa ni kichwa."

Uamuzi ulipatikana hapo. Injini ya mtumba ingegharimu zaidi ya mara mbili ya kutengeneza hii, na ingekuja na mkanda wake wenye umri usiojulikana. Kipimo cha alasiri moja kiliokoa fedha ambazo sehemu yake ilikuwa ada ya binti yao wa bweni.

Usiku ule mama alizungumza, kabla ya chakula. Alisema kijana alimwambia habari ya lebo tangu Januari, na yeye ndiye aliyemzuia. "Nilimwambia asubiri. Januari ni ada. Nilikujua, baba. Ungeambiwa mkanda, ada ingekuwa mkanda." Halafu akapakua. Baba alikula, akanawa, akakaa nje peke yake hadi saa 6 karibu na nafasi ya gari iliyokuwa tupu. Habari za Singida hazikutajwa tena, lakini pia hakuna aliyetangaza kwamba safari imefutwa.

Silinda hedi ilifunguliwa siku iliyofuata. Valvu 7 kati ya 24 zilikuwa zimepinda, nyingine kidogo sana kiasi kwamba ilibidi zibingirishwe kwenye kioo ndipo yumbo lake lionekane. Juu ya pistoni kulikuwa na alama ndogo kama mwezi mchanga, kama ukucha uliobonyeza ugali. Fundi alizipapasa zote, hakukuta ufa. Hedi ikaenda kwa fundi wa mashine kupimwa unyoofu na kukaguliwa njia za valvu.

Baba alimwambia kijana abaki Gerezani afanye kazi, ili gharama ya ufundi ipungue. Kama ilikuwa adhabu, au namna ya kumwacha karibu na gari, hakufafanua. Kwa siku 3 kijana alisaga valvu moja moja kwenye viti vyake, kwa dawa ya kusagia na kijiti chenye mpira, akikizungusha baina ya viganja kama anayepekecha moto. Zilipokamilika, fundi aliigeuza hedi, akamimina mafuta ya taa kwenye njia zake, akaiacha juu ya meza hadi kesho yake. Asubuhi meza ilikuwa kavu.

Kurudisha ni kazi ya subira na haina mengi ya kusimulia. Boliti zilikazwa kwa mpangilio kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu. Vikafungwa sili mpya, tenshena mpya, mkanda mpya. Fundi alilazimisha jambo moja ambalo kila mwenye gari la mkanda aliombe kwa fundi wake: kabla ya kugusa stata, krenki ilizungushwa kwa mkono mizunguko 2 kamili, kisha alama zote zikakaguliwa upya. Ukisikia kitu kinagota, unaacha. Kwa mkono utasikia. Stata haitakuambia. (Walio na IST au Vitz wapumue kidogo, nyingi kati ya hizo zina mnyororo badala ya mkanda, ingawa mnyororo nao huchakaa haraka usipobadilishiwa oili.)

Jumatano, tarehe 24 Julai 2024, saa 10 jioni, gari lilikuwa tayari. Fundi alinyoosha mkono kumpa baba ufunguo.

"Mpe yeye aliwashe," alisema baba.

Kijana aliingia, akakanyaga klachi, akageuza ufunguo. Stata ilizunguka kwa uzito, na mapigo yalikuwepo. La tatu au la nne likakamata.

Walisubiri lipate moto, wakisikiliza. Kisha fundi akakata kipande cha gundi ya karatasi, akakibandika pembeni ya ile lebo ya Kijapani, akampa kijana kalamu. Kijana akaandika kwa herufi kubwa: mkanda, 24 Julai 2024, km 214,290. Baba aliichukua kalamu akauliza ujao uwe lini. Kwa joto na vumbi la Dar, fundi alisema, kilomita 80,000 au miaka 6, kinachotangulia. Baba akaandika zote mbili, mwaka akiutaja kwa tarakimu 4 huku akizisema kwa sauti.

Nyumbani ufunguo haukurudi kwenye bakuli juu ya friji, na baba alilala nao chini ya mto. Lakini baada ya Isha alimwita kijana kwa jina lake, bila kupitia kwa mama, aje na simu yenye tochi. Walichuchumaa wawili wakaangalia boksi jipya lililowekwa chini ya gari. Lilikuwa kavu, isipokuwa tone moja karibu na tairi la mbele. Kijana aliligusa, akanusa kidole.

"Maji ya kiyoyozi," alisema.

Baba naye akaligusa, akanusa.